Jiko Limetolewa Nje, Mwalimu

Jana jioni mpwa wangu wa Gredi ya Saba aliniletea daftari la Kiingereza huku macho yakiwa miguuni. Walikuwa wameambiwa watunge sentensi kwa "put out". Akaandika: "Uncle put out the jiko because of smoke." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, X kubwa na neno moja: "Nonsense."

Nonsense gani? Huyo anko ni mimi! Huku kwetu Nyalenda, Kisumu, chumba kimoja na pazia katikati, huwashi makaa ndani. Unalibeba jiko kwa kitambaa hadi barazani, unaelekeza mlango wake kule upepo wa ziwani unakotokea, unasubiri moshi uishe. Mtoto ameniona kwa macho yake kila jioni. Na Waingereza wenyewe usiku hu-"put out" paka, wala paka hazimiki.

Najua, najua, mwalimu alitaka kuzima moto. Ana madaftari sitini na mchana mmoja. Sawa. Lakini "nataka ile maana nyingine" ingemgharimu wino kiasi gani?

Kinachonikera hasa ni ile orodha ya vitenzi vya kuongezewa kijineno. "Put off" ahirisha, "put up with" vumilia, "turn down" kataa; mtoto anameza kama dawa ya minyoo. Hakuna aliyemwambia kwamba mchezo huu, kitenzi kimoja kubadili maana kwa neno linaloandamana nacho, anaujua tangu aanze kusema. Kwa Kiswahili tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, magoti na chafya, na hakuna anayeumia. Hata lile neno la mtihani limepigiwa mstari! Tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara. Wapo waliokula barabara nzima, lami na kalvati, na bado wana njaa. Nyanyake naye kwa Dholuo hu-"goyo" simo, hu-"goyo" mbaka, yaani soga, na hata shukrani huipiga: goyo erokamano. Mwulize mtoto "goyo" ni nini, atakwambia ni kuchapa. Ila sijawahi kumwona akitoroka nyanyake akishukuru.

Chukua na hili. Kiingereza kina "move out" na "move in". Sisi tunahama na kuhamia, irabu moja tu imemaliza kazi. Anzia hapo, mwalimu, dakika kumi tu, halafu ndipo ulete "look for" na "look after". Mtoto hatacheka tena kwamba Wazungu wanatafuta kwa kutazama na wanalea kwa kutazama.

Samuel Johnson, aliyewatungia Waingereza kamusi mwaka 1755, alikiri kwenye dibaji yake kwamba vitenzi hivi vya kuongezewa kijineno ndivyo vinavyowatatiza wageni kuliko yote. Mwenye lugha anakiri, sisi tunamwandikia mtoto wa miaka kumi na miwili "Nonsense".

Masahihisho ni mara tano. Nilikaa naye mezani, nikimmulikia kwa simu maana stima ilikuwa imepotea, akaandika bila kunung'unika: The fire was put out. The fire was put out. Alipofika ya nne aliinua kichwa, akachungulia barazani.

"Anko, limeshika. Nilirudishe ndani?"