Kabuti

Nianze na kabuti, maana bila lile kabuti haya yote yasingetokea. Nililipata mtumbani, la kijani iliyokolea, vifungo vya shaba, mifuko ya kuingia kuku mzima. Kigoma kwa kawaida hatuna baridi ya kabuti. Ila Julai, kipupwe kikishika, upepo wa alfajiri kutoka ziwani unapenya mpaka kwenye meno, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kulivaa.

Sababu akaileta rafiki yangu mwalimu wa baiolojia: twende ufukweni, mbele ya Kibirizi, tukaangalie ndege. Yeye alikuwa na darubini. Mimi nikapewa daftari. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mgeni kutoka Dodoma, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali.

Hiyo ni 2024, mwaka ambao Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana.

"Ziwa linafungwaje?" shemeji akauliza. "Lina geti?"

Nikamweleza kwamba kilichofungwa ni uvuvi. Akatazama maji, mpaka kule milima ya Kongo inakojificha kwenye ukungu. "Sasa nani analinda lote hili?"

Lile swali tungelitilia maanani, tungerudi nyumbani saa ileile.

Tukajibanza kwenye michikichi, mwalimu akapandisha darubini. Juu ya miamba walikuwa wamejipanga minandi, mbawa wazi kama mashati kwenye kamba. Mnandi, alitueleza, akizamia manyoya yake yanalowa, si kama bata, kwa hiyo akitoka majini lazima ajianike. Sasa mwalimu huyu akichangamka haongei, anatangaza, sauti ya paredi:

"Wako kumi na wanne! Wote wanakausha! Andika!"

Nikaandika.

"Na yule mkubwa wao, peke yake pale juu! Ana samaki! Mbichi kabisa!"

Huyo alikuwa furukombe, kichwa cheupe, kamkanyaga samaki wake kwa kucha. Nikaandika.

Chini yetu, upande ambao hatukuutazama hata mara moja, kina mama walikuwa wameanika dagaa. Nilisikia tu kanga zinapigwa. Nilipogeuka, turubai zima lilikuwa limefunikwa, na mama mmoja ameketi juu yake anamsuka mwenzake ambaye tayari alikuwa amesukwa.

Akapanda mzee, kofia mkononi.

"Mwakeye, afande."

"Mwakeye, mzee," nikaitikia. Hiyo "afande" nikaihesabu kuwa heshima ya kabuti, nikaipokea.

"Ni njaa tu, baba. Hebu mpelekee mama watoto." Akanisokomezea mfukoni kifurushi cha gazeti, akateremka kabla sijashukuru.

Nikamwambia shemeji: unaona watu wa kwetu walivyo wakarimu? Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu.

Dakika kumi hazikupita, boti ya doria ikagusa mchanga. Kijana aliyeshuka alikuwa mpole, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Shikamooni wazee. Mnafanya nini hapa?"

"Marahaba. Tunaangalia ndege."

Naye ndege akawa ananiangalia mimi. Mkia wa mgebuka ulikuwa umechungulia mfukoni, na mwewe hana subira. Nilisikia upepo shingoni, kabuti likavutwa, gazeti likachanika. Mgebuka akapaa kuelekea Kibirizi. Dagaa wabichi waliokuwa naye kwenye kifurushi wakamwagikia buti za afande, yule wa kweli.

Hakuna aliyesema kitu. Shemeji, kwa mara ya kwanza tangu atoke Dodoma, hakuwa na swali.

Kijana akaomba daftari, akasoma kwa sauti: "Wanakausha, kumi na wanne. Mkubwa wao, peke yake, ana samaki mbichi." Akainua macho. "Watu hawa wako wapi?"

Kule chini yule mama akaongeza kasi ya kusuka. Mwenzake akauma meno. Mwalimu, sauti ya paredi imemkauka yote, akamkabidhi darubini na kunyoosha kidole kwenye miamba. Jamaa akatazama. Akatazama muda mrefu, midomo ikichezacheza.

"Mmekosea," akasema. "Ni kumi na watano. Kuna mmoja kajificha nyuma ya jiwe."