Saa ya zamani: moyo ukipenda uso, haujakosea

Kila anayetaka kununua Omega au Longines ya zamani hapa Lubumbashi huambiwa neno lilelile: usifuate moyo, fungua mgongo kwanza, tazama mashine. Sikubaliani na mpangilio huo. Mashine chafu huoshwa. Resori kuu (springi inayoiendesha saa) iliyovunjika hubadilishwa. Kioo cha plastiki kilichokwaruzika husuguliwa kikawa safi. Lakini uso wa saa ukishapakwa rangi upya, umekwenda. Hakuna fundi wa Katuba wala wa Geneva atakayeurudisha. Kwa hiyo moyo unaokimbilia uso unakimbilia penye thamani yenyewe. Shida ni moyo ambao haujafundishwa, maana huo hupenda kila kinachong'aa.

Kuufundisha ni kazi ya subira. Chagua saa moja tu, tuseme Omega Seamaster ya kasha la modeli namba 2846, ya katikati ya miaka ya 1950, kisha ukusanye picha kama hamsini za saa hiyohiyo kutoka minada inayoaminika. Tazama unene wa herufi, mahali maneno «SWISS MADE» yanapokaa chini ya alama ya saa 6, na urefu wa mishale: ule wa dakika unatakiwa kufika kwenye vistari vya dakika, si kuishia njiani. Ukishashiba picha hizo, saa ya bandia ikiwekwa mbele yako jicho litakataa kabla hujaweza kusema kwa nini. Silika ninayoiamini ni hiyo.

Sababu itafute baadaye kwa lupu, kioo cha kukuza, ya mara 10. Uso uliopakwa upya una herufi nene zenye kingo zilizovuja, vistari visivyolingana na alama za chuma zilizopachikwa, na rangi iliyojikusanya kwenye mashina ya alama hizo. Wakati mwingine kuna kijipengo kwenye ukingo, ambacho fundi anayepaka rangi hukikata ili ajue saa 12 iko wapi anapochapa maandishi. Ukiona HMT, Favre-Leuba au Seiko ya zamani yenye uso wa rangi kali usio na doa hata moja, kumbuka kwamba nyingi za namna hiyo hutengenezwa India, hasa Mumbai: mashine ni ya kweli, uso umechapwa juzi. Zivae ukizipenda. Ila usilipe bei ya saa isiyoguswa.

Kuhusu alama zinazong'aa gizani, sisi watu wa Katanga tuna sababu ya kuwa makini zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 saa nyingi zilipakwa radiamu, metali yenye mnururisho, na kuanzia miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga wakati wa ukoloni, ilitawala soko la radiamu duniani kwa madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Huenda basi saa ya Uswisi iliyo mezani kwako imebeba udongo wa kwetu. Rangi yake imechoka na haing'ai tena, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Usiikwangue. Usimruhusu fundi aipulize kwa mdomo. Vumbi lake likiingia mwilini, huko ndiko kwenye hatari.

Radiamu hiyohiyo ni shahidi mzuri. Mishale ikikaa miaka mingi mahali pamoja, saa ikiwa imelala sandukuni, huunguza uso na kuacha kivuli cha kahawia chenye umbo lake. Wengi hukiona kivuli hicho kama uchafu wakaomba kifutwe! Kwangu ni cheti: kinaonyesha kwamba mishale na uso vimezeeka pamoja. Saa za baadaye zilitumia tritiamu, dutu nyingine ya mnururisho, na chini ya uso utasoma herufi T pande mbili za neno SWISS. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo leo imeshazimika. Chukua taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti za dola, mulika sekunde kumi, zima. Alama za zamani hufa mara moja. Zikiendelea kuwaka dakika kadhaa, zimepakwa upya.

Sasa ndipo ufungue mgongo. Kwa saa ile ya 2846, mashine inayotegemewa ni ya namba 501, yenye rangi ya shaba, na namba ya mfululizo imechongwa juu yake. Namba ya tarakimu 8 inayoanza na 15 inaelekea mwaka 1956. Ikianza na 20 tayari uko karibu 1963, na hapo ujue mashine imehamishwa kutoka kasha lingine. Kwenye mgongo wenyewe soma Kifaransa chake bila haraka. «Plaqué or 20 microns» ni shaba nyeupe au ya manjano iliyofunikwa dhahabu, na itakuwa imelika kwenye pembe zinazoshika mkanda. Dhahabu ya karati 18 ina muhuri wa 750 au kichwa cha Helvetia, mwanamke anayewakilisha Uswisi. Maneno «fond acier inoxydable» yanasema juu ya mgongo tu. Kasha lililobaki linaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Programu ya simu inayosikiliza mlio itakupa picha ya afya, mradi uiweke kwenye mapigo 19,800 kwa saa kwa mashine 501, si 18,000. Saa iliyojazwa ufunguo, ikilala chali, iwe na amplitudi (upana wa kuyumba kwa balansi, gurudumu linalopima mapigo) ya nyuzi 270 au zaidi. Chini ya 220 inaomba kufunguliwa na kuoshwa. Ikikimbia mbele dakika nyingi kwa siku, shuku sumaku kwanza: ilaze karibu na dira, uone kama sindano inacheza.

Hadithi ya muuzaji, kwamba papa wake alipewa saa hiyo kazini, isikilize kwa heshima, usiilipie.

Ukishanunua, mkatalie fundi anayezamisha mashine nzima kwenye petroli bila kuifungua. Uchafu husukumwa ndani ya rubi, vijiwe vinavyoshika ncha za magurudumu, na kukaa hapo. Mafuta ya cherehani nayo husambaa na kuziacha ncha hizo zikisagana kavu. Uliza kama ana mafuta mepesi ya balansi na mazito ya magurudumu ya kwanza. Mwambie abadilishe raba ya mgongo, maana vumbi jekundu la Julai hupenya kuliko mvua ya Januari. Kasha lisisuguliwe, uso usiguswe, na kila kipande alichobadilisha akurudishie kwenye kimfuko.