Si Jini, Ni Mjusi Kafiri

Kabla sijasema lolote: hapakuwa na jini. Ile sauti aliyoituma sahibu yangu kwenye grupu, ambayo imeanzia Majengo na sasa naambiwa imeshavuka feri, ifuteni. Anadai nilitolewa chini ya mashine na kitu kisichoonekana. Kilionekana, yakhe. Kina mkia.

Mashine yetu ya kupasua mnaijua, ile ya chuma iliyonizidi umri. Ilikuwa imeanza kuunguza mbao. Unapitisha mvule, ubavu mmoja unatoka mweusi na moshi unajaa karakana. Sahibu akasema bledi ni butu. Tukatia mpya, ikaunguza vilevile, tena kwa ari. Akasema mbao mbichi. Akasema fensi, ile reli ya mezani ubao unapoegemea ukipita. Fensi nikaipima na ule mfereji wa mezani unaopita kando ya bledi, haina kosa. Kisha kipande kikarushwa kikanipita ubavuni, kikagonga ukuta wa nyuma mpaka plasta ikabanduka. Hapo tukaacha kubishana.

Nikachomoa plagi, nikatia alama ya chaki kwenye jino moja la bledi. Skwea, kile kipimo cha pembe, nikaipitisha mferejini, rula yake nikaisukuma mpaka ikagusa jino lile upande wa mbele. Nikazungusha bledi kwa mkono, jino lilelile likaenda nyuma, nikapima tena. (Lazima liwe lilelile, wenzangu. Ukibadilisha jino, bledi iliyopinda kidogo itakudanganya.) Nyuma pakabaki mwanya wa zaidi ya milimita moja! Kinachovumilika ni unene wa karatasi. Maana yake bledi imekaa mshazari, kisogo chake kimeegemea fensi. Ubao ukifika kule unabanwa, na meno ya nyuma yanapanda juu, kwa hiyo yanauchoma au yanaunyanyua na kukurushia.

Dawa iko chini. Kile chuma kinachobeba bledi kimefungwa na bolti nne kwa ndani ya meza. Unalegeza tatu, moja unaiacha imeshika kidogo, halafu unagonga chuma polepole mpaka kikae sawa. Kwa mashine za zamani hii ni kazi ya kulala chali.

Nikalala chali. Nimevaa kikoi. Najua mtakachosema. Lakini umeme haukuwapo, plagi nimeilaza mahali ninapoiona, na joto la kaskazi lilikuwa halina huruma. Suruali nilikuwa nimeifua.

Basi. Kichwa kimo ndani ya mashine, miguu iko nje. Mkono mmoja umeshika spana, wa pili umeegemeza kibao cha kugongea. Nikasikia, "Hodi, fundi!"

Mama wa bi harusi. Mwenye kitanda. Na hakuja peke yake; nilihesabu viatu, nikakata tamaa.

"Karibuni, mama! Naweka mashine sawa kidogo."

"Starehe, mwanangu. Kitanda chetu kimefika wapi?"

Nikagonga. Unga wa mbao wa miaka yote ile ukanimwagikia usoni, puani, mdomoni. Nikafumba macho. Pamoja na unga kikaanguka kitu laini, cha baridi, shingoni. Kikatulia. Nami nikatulia. Kikafikiri. Kisha kikateremka kifuani, taratibu, vidole vyake nikivihisi kimoja kimoja, kikapita tumboni, kikafika kwenye fundo la kikoi.

"Fundi, mbona hunijibu?"

Ningejibu nini? Fundo lile nalifunga mwenyewe na sikuwahi kulilaumu, lakini siku ile lilikuwa na nafasi ya mjusi mmoja. Akachungulia. Akaingia.

Sijui nilitokaje. Ninachojua, paji la uso liligonga ukingo wa meza, spana ikaruka, na sauti niliyoitoa si ya mtu aliyelelewa vizuri. Nikasimama mbele ya wamama wa watu, uso mweupe kwa unga, macho mekundu, nikirukaruka. Kikoi kilibaki kimenaswa na bolti. Nashukuru nilikuwa na bukta. Siishukuru ile bukta yenyewe, maana niliinunua mtumbani Kongowea gizani, na ina mioyo myekundu.

"Audhubillahi!" Mabuibui yakatoka mbio mpaka barabarani. Mjusi kafiri akashuka mguuni, akanitazama, akaenda zake. Sahibu alikuwa mlangoni na kahawa. Hakunisaidia hata kwa dua. Alikuwa amekaa chini akilia kwa kicheko.

Mengine mafupi. Nilivaa, nikarudi chini (ndiyo, nilirudi), nikagonga, nikapima, nikakaza bolti kidogo kidogo huku napima, kwa sababu ukizikaza kwa pupa chuma kinahama tena. Jioni nikapitisha mvule: pande zote safi, hakuna moshi. Nundu ya kipajini inapungua.

Tatizo ni ile sauti. Imemfikia mama harusi, na amenipigia kwa adabu zote: kitanda atakichukua, bei haina neno, ila binti yake hakilalii mpaka kisomewe kwanza. Kesho baada ya Alasiri anakuja na maalim. Nimeshaianika suruali.