Mlimani Swift, gerejini Datsun

Kwa mashabiki wa Safari Rally, Datsun 240Z ni gari la heshima. Ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973. Ukilitaja pamoja na Suzuki Swift Sport ya miaka ya karibuni, yenye milango mitano na umbo la gari la kwendea sokoni, wengi huona umelivunjia adabu. Mimi naona magari haya yanalingana kuliko tunavyokubali.

Datsun ina injini ya lita 2.4, silinda sita, kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, na nguvu ya farasi 151 kwa vipimo vya enzi hizo, ambavyo vilikuwa vya ukarimu. Swift iliyotoka mwaka 2017 ina lita 1.4 tu, silinda nne na tabo (turbo), lakini inatoa farasi wapatao 140. Haifiki kilo 1,000. Datsun inazidi hapo kidogo. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, zote hutumia takriban sekunde 8.

Hiyo ni pwani. Sasa toka Mombasa upande Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa inakuwa nyepesi, kabureta inaendelea kumimina petroli kama ilivyozoea, na injini inaanza kuwa nzito. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo Datsun hufika Nairobi ikiwa imepungukiwa na karibu moja ya sita ya farasi wake. Tabo ya Swift huisukumia injini hewa zaidi, na kompyuta hupima petroli upya. Ukiteremka kuelekea Mai Mahiu nyuma ya malori, Swift ina breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, na mifuko ya hewa. Datsun haina hata kimoja, na kwangu hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, usukani wa Datsun hausaidiwi na mtambo wowote, hivyo mikono inaisoma barabara kokoto kwa kokoto. Na ikikohoa njiani, fundi mwenye bisibisi na sikio zuri huirekebisha kabureta papo hapo. Kwenye Swift, sensa moja ikifa, unatafuta mwenye mashine ya kupimia, na kama uko Voi usiku, utalala Voi.

Ila wanaoisifu Datsun kwa urahisi wa matengenezo huzungumzia injini peke yake. Bodi yake ni ya bati jembamba linaloliwa na kutu, hasa sakafuni na chini ya betri, na kutu haiondolewi kwa bisibisi. Kwa safari za kila siku nachukua Swift bila kusita. Anayeitaka 240Z asianze kwa kuwasha injini. Aanze kwa kuinua kapeti.