Tipu Iwe Ndani ya Nauli, Baharini na Mlimani

Watu wa Moshi tunaijua tipu, ile bakshishi ya mgeni kwa anayemhudumia, kuliko tunavyoijua bahari. Wengi wetu chombo kikubwa cha majini tulichowahi kupanda ni boti ya Unguja, ile ya saa mbili hivi, na huduma tunayoikumbuka zaidi ni mfuko wa kutapikia. Lakini nikisoma malalamiko ya abiria wa meli kubwa za kitalii, zile zinazoondoka Miami na Barcelona zikiwa na mabwawa ya kuogelea juu ya sitaha, najiona kama niko nyumbani. Wanagombania jambo lilelile linalogombaniwa pale geti la Mweka watalii wakishuka Mlima Kilimanjaro: nani amlipe anayekuhudumia, kiasi gani, na kwa mkono wa nani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubali aanze kuandaa hoja zake. Tipu iingizwe kwenye bei ya safari, iandikwe wazi, mgeni alipe mara moja basi.

Kwa asiyezifahamu meli hizi, utaratibu uko hivi. Unalipa nauli. Ukishapanda, kila siku inayopita kampuni inaongeza kwenye akaunti yako tipu ya kila kichwa, mtoto na mtu mzima. Royal Caribbean, moja ya kampuni hizo, walipandisha kiwango chao Novemba 2023 kutoka dola 16 hadi dola 18 kwa siku kwa mgeni wa chumba cha kawaida. Piga hesabu ya baba, mama na watoto wawili kwa usiku saba: dola 504. Ni zaidi ya shilingi milioni moja, na hapo hujanunua soda, maana soda nayo ina bei yake. Fedha hizo huitwa hiari. Kwenye meli nyingi za namna hii, asiyetaka anakwenda dawati la wageni na kuomba ipunguzwe au ifutwe kabisa, na wapo wanaokwenda.

Wanaofuta wana hoja zao. Wa kwanza anasema mshahara ni kazi ya mwajiri, yeye alishalipa nauli. Wa pili anasema hajawahi kuwaona hao watu wa jikoni na wa kufulia wanaogawana fedha zake. Wa tatu anasema atampa mhudumu wake mkononi. Huyu wa tatu huwa anajisikia mwema kuliko wote, ingawa kwenye baadhi ya meli mhudumu akipewa fedha na mgeni aliyefuta tipu hutakiwa kuzipeleka kwenye mfuko wa pamoja.

Mtoto wa shangazi yangu yumo humo melini, kazini. Alisomea mambo ya hoteli Njiro, Arusha, akafanya kazi loji moja huko Karatu, halafu akateremka Dar es Salaam kuchukua mafunzo ya usalama baharini pale Chuo cha Bahari, kwa sababu huwezi kukanyaga meli kama mfanyakazi bila vyeti hivyo, hata kama kazi yako ni kutandika vitanda. Sasa anahudumia vyumba. Aliwahi kuniambia kwa simu: "Kaka, kuna chumba watoto walilia wakati wa kuniaga. Nilikuja kusikia baba yao alishafuta tipu tangu siku ya pili."

(Kwa vijana wanaotaka kumfuata, na wapo wengi Arusha: mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, ule wa mwaka 2006, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Utalipia uchunguzi wa afya, pasipoti na kitabu chako cha ubaharia. Wakala anayekudai "pesa ya nafasi" anakuibia, hata awe na ofisi yenye kiyoyozi.)

Sasa, baba yule namlaumu, lakini si peke yake. Kuna mahali niko upande wa abiria moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2023 Royal Caribbean hao hao walipunguza usafi wa vyumba vya kawaida kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Mwaka huohuo, kabla haujaisha, wakapandisha tipu. Abiria aliyezoea kurudi kutoka chakula cha jioni akakuta kitanda kimetandikwa upya na taulo limekunjwa umbo la mnyama, sasa analipa zaidi kwa nusu ya alichokuwa anapata. Na ukimuuliza kwa nini amekasirika, atakwambia anaadhibiwa kwa jina la mhudumu. Ana haki. Kampuni ikipandisha nauli, lawama ni za kampuni. Ikipandisha tipu, anayeangaliwa vibaya ni dada aliyeshika ufagio.

Hapo ndipo ulipo ujanja wenyewe. Nauli inabaki ndogo kwenye tangazo, gharama ya wafanyakazi inahamishiwa pembeni kwa jina la ukarimu. Na sheria inawasaidia. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza kubeba wageni Januari 2024, inaondokea Miami lakini inapeperusha bendera ya Bahamas, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakiwahusu waliomo. Mkataba wa 2006 nilioutaja hapo juu unaruhusu kazi ya hadi saa 14 katika siku moja na hadi saa 72 kwa wiki. Kima cha chini kinachotokana na makubaliano ya Shirika la Kazi Duniani kilikuwa dola 673 kwa mwezi mwaka 2025, nacho ni cha baharia mwenye ujuzi wa sitahani. Mbeba sahani hahesabiwi humo. Ukiondoa tipu kwenye mapato ya mhudumu wa namna hiyo, kinachobaki hakimtoshi mtu kukaa mbali na watoto wake miezi sita, saba, wakati mwingine tisa.

Watetezi wa tipu watasema: usipomwachia mgeni nguvu ya kutoa na kunyima, huduma itazorota. Hoja hii nimeisikia Moshi miaka yote, na meli zenyewe ndizo zinazoivunja.

Angalia ni viwango gani vya huduma baharini vinavyofanya kazi kweli. Jiko, kwa mfano. Meli yoyote inayobeba abiria 13 au zaidi na kuingia bandari za Marekani kutoka nje inaweza kuvamiwa bila taarifa na wakaguzi wa afya wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Wanapima joto la friji, wanaangalia maji ya kunywa, maji ya bwawa, mikono ya wapishi, halafu wanatoa alama kati ya 100. Ukipata 85 kushuka chini, umefeli, na matokeo yanatangazwa kila mtu ayaone. Hakuna abiria anayempa tipu mtu wa friji. Hamjui. Lakini friji ina baridi inayotakiwa, kwa sababu kuna mtu mwenye kipimajoto atakuja siku isiyojulikana.

Au chukua usalama. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Wapo abiria waliokuwa wamepanda jioni hiyohiyo na hawakuwa wamefanya zoezi la kuvaa maboya na kujua mahali pa kukusanyika, maana kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kanuni ikabadilishwa: zoezi lifanyike kabla ya kuondoka, au papo hapo meli inapoondoka. Abiria wanalichukia zoezi hilo, wanasema linawakatia kinywaji. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 tungelifanya mara mbili.

Mwaka mmoja baada ya Concordia, Februari 2013, moto uliwaka kwenye chumba cha injini cha Carnival Triumph katikati ya Ghuba ya Mexico. Umeme ukakatika, watu zaidi ya 4,000 wakaelea siku kadhaa, vyoo vikaziba, uchafu ukatiririka kwenye korido, hadi meli ilipovutwa kufika Mobile, Alabama. Abiria waliposhuka waliitukana kampuni kwa kila lugha, lakini wengi wao waliwasifu wafanyakazi. Fikiria: watu wale walikuwa wanazoa kinyesi cha wageni ndani ya giza, na sidhani kama kuna aliyekuwa anawaza bahasha ya tipu. Mei mwaka huohuo umoja wa kampuni za meli, CLIA, ukatoa hati ya haki za abiria: kurudishiwa nauli safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo, kupewa taarifa mapema, kusafirishwa mpaka bandari ya mwisho au nyumbani, kuruhusiwa kushuka meli ikiwa bandarini na haina chakula, maji wala vyoo. Mambo yaliyoandikwa, yanayodaiwa. Mimi nakiamini kiwango kilichoandikwa kuliko tabasamu lililonunuliwa.

Nirudi mlimani sasa, maana huko ndiko nina mamlaka kidogo ya kusema. Nimefanya kazi ofisini kwa watu wa kupandisha watalii, kazi yangu ikiwa kuandika bei na kujibu barua pepe. Uwiano wetu ni kinyume cha wa meli: Icon inaweza kubeba wageni 7,600 kwa wafanyakazi 2,350, ilhali Kilimanjaro mgeni mmoja anaweza kupanda na watu wanne au watano nyuma yake, wagumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi), mpishi na mwongozaji. Ungedhani basi tipu ndiyo imewafanya watu hao waheshimike. Hapana. Kilichomsaidia mgumu zaidi ya tipu yoyote ni mizani ya getini. Mzigo anaobebeshwa mgumu usizidi kilo 20, unapimwa, ukizidi unapunguzwa. Kabla ya mizani kusimamiwa, mtu alibeba alichopewa na akashukuru kwa kupata siku ya kazi.

Tipu yenyewe imeleta nini? Imeleta bahasha. Siku ya mwisho watu wanaimba, wanacheza, mgeni amechoka, magoti yanamuuma, anaitoa bahasha kwa kiongozi wa msafara na kupiga picha. Ndani mna kiasi gani? Mgumu hajui. Anapewa elfu kadhaa na kuambiwa "wageni hawa walikuwa wagumu wa mkono." Wapo viongozi waaminifu, nawajua, wanafungua bahasha mbele ya kila mtu. Mradi wa KPAP, unaotetea wapagazi wa Kilimanjaro, umepigania miaka mingi kiasi kitangazwe kwa sauti na kila mtu apokee chake mwenyewe. Lakini utaratibu unaotegemea uaminifu wa mtu mmoja aliyechoka, mwenye fedha taslimu mkononi, si utaratibu.

Na mgeni naye anateseka. Chini kabisa ya bei tulikuwa tunaandika "haijumuishi tipu," kwa herufi ndogo, kwa sababu kampuni ya jirani nayo imeiacha nje, na ukiiweka ndani wewe unaonekana ghali. Mgeni anafika Mweka hana fedha taslimu za kutosha, ATM iko mjini, wenzake wanatoa, yeye anaona aibu. Safari aliyoiota miaka kumi inaishia kwenye hesabu za kuviziana.

Wanaosema haiwezekani kubadilika wawatazame P&O Cruises wa Uingereza, ambao tangu 2019 waliacha kutoza tipu ya kila siku. Silversea, Seabourn na Regent wameijumuisha kwenye nauli. Hao watatu ni meli za matajiri, sawa, lakini P&O ni meli za watu wa kawaida, na mpaka leo zinasafiri.

Ninachokataa ni kuinakili meli nusunusu. Nimeanza kuona kampuni za hapa zikiongeza "ada ya huduma" kwenye bei bila kusema inakwenda kwa nani. Hiyo ni bahasha ileile, imehamia ofisini tu. Kama tipu inaingia kwenye bei, basi mgeni apewe orodha: mpishi kiasi hiki kwa siku, mgumu kiasi hiki, na fedha zitumwe kwenye simu ya kila mmoja siku wanayoshuka. Majina yote yapo kwenye kibali cha hifadhi tayari, hakuna kazi mpya hapo.

Mpishi mmoja wa Kibosho ninayemheshimu sana hakubaliani nami hata kidogo. Aliwahi kupewa dola 200 na mgeni mmoja, pamoja na buti mpya. "Mdogo wangu, mkiweka kwenye bei mtawafunga mikono wenye moyo," ananiambia. Namjibu kwamba hakuna anayemkataza mwenye moyo kuongeza, hata kwenye hizo meli za matajiri wageni huacha kitu. Kisha namuuliza mwaka jana ni safari ngapi alipata kile kilichopendekezwa kwenye karatasi tuliyowapa wageni. Ananijibu nimwache apike.

Bado tunabishana. Bei za msimu wa Juni zinaandikwa kipindi hiki, na kila aliyeniomba nimpitie zake nimemwambia aanze na kuufuta ule mstari wa herufi ndogo.