Mawese Oyee

Akaunti yangu ya benki ilikuwa kama daladala ya Ujiji saa ya jioni: kila mtu anapanda. Humo iliingia pesa ya mawese ninayosafirisha kwenda Dar es Salaam, humo ada ya watoto, humo kodi ya nyumba. Kufungua ya biashara, benki walinitajia TIN, ile namba ya mlipakodi, leseni na cheti cha usajili wa biashara cha BRELA. Nikasema nitarudi.

Basi Shangazi akawa anamwozesha binti yake. Akachapisha kadi za mchango zenye namba yangu, bila kuniuliza. "Kwani wewe si mtoto wa nyumbani?"

Pesa zikamiminika. Benki haisemi hii ya keki, hii ya madumu. Inaandika jina na kiasi, imemaliza. Kila Jumapili Shangazi ananinyang'anya taarifa ya akaunti na kuisomea kamati. Siku moja akafika kwenye laki sita za mteja wangu wa Kariakoo. Nikanyoosha mkono nieleze, vigelegele vikanizidi. Mwenyekiti akauliza huyu bwana ni nani. Shangazi, ambaye hajawahi kumtia machoni, akasema bila kupepesa kwamba ni rafiki wa marehemu mumewe tangu wakiwa reli. Jioni hiyo hiyo mteja wangu akatumiwa kadi ya dabo, ya watu wawili.

Mjomba wa Kasulu naye alichanga elfu themanini. Jina lake la benki silijui, kwetu ni Mjomba tu; nikadhani mteja mpya, nikampakilia dumu kwenye basi. Akapiga simu: "Mafuta nimepokea, mwanangu. Ila tangu lini mchango unarudishwa?"

Siku ya harusi mteja wa Kariakoo akatokea. Amekaa kwenye treni zaidi ya kilomita 1,200, maana mzigo haufiki na kwenye simu anatumiwa picha za maharusi. Akaketishwa meza kuu, akawekewa samaki mgebuka mzima, kisha akapewa kipaza sauti.

"Mimi nimefuata mawese yangu."

Mshereheshaji akadhani ni fumbo la wazee. "Mawese oyee!"

Ukumbi mzima: "Oyeee!"

Laki sita zilishageuka keki na spika. Madumu yake niliyatoa kwenye mtaji.

Ukafika wakati wa makadirio ya kodi. Sisi wadogo, ambao mauzo hayafiki milioni 100 kwa mwaka, tunakadiriwa kwa mauzo, si faida. Afisa akaipitia taarifa ya akaunti. "Mwezi huu biashara ilichanganya sana." Nikamwambia hiyo ni harusi, nikamletea daftari la kamati. Akasoma, kalamu ikaganda mstari wa kwanza.

"Na huyu wa laki sita?"

"Huyo siyo mchango, mheshimiwa. Hayo ni mawese."

"Hapa ndiye mchangiaji namba moja."

Nikamwita Shangazi aje kunitetea. Akaja na sare ya harusi, akavuta kiti, akaanza kumsimulia afisa jinsi yule bwana na marehemu walivyoshibana enzi za reli.