Upepo ulipita siku moja, giza likabaki

Umeme ukikatika kwetu zaidi ya siku moja, mama alikuwa akiifunga insulini yake kwenye mfuko wa nailoni, anauning'iniza ndani ya mtungi wa maji, kisha anafunika kwa kawa. Alfajiri anaishika kiganjani, aone kama bado ina ubaridi, ndipo ajidunge. Siku ya pili alikuwa na wasiwasi. Siku ya tatu haongei na mtu.

Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, walikaa hivyo kwa miezi. Kimbunga Maria kilitua Yabucoa asubuhi ya Septemba 20, 2017, gridi yote ya umeme ikaanguka, na ilichukua takriban miezi 11 nyumba za mwisho kuunganishwa tena. Habari za vimbunga hunikera kwa hilo: zinaanza na kasi ya upepo, zinaishia kwenye mabati yaliyong'oka, kisha kamera zinaondoka. Msiba wenyewe ndiyo kwanza unaanza.

Mtazame mgonjwa wa figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne, na kila mara mashine inataka zaidi ya lita 100 za maji safi. Hapo bomba limekauka, na jenereta iliyonunuliwa kwa ajili ya dharura ya siku mbili tatu inaunguruma wiki ya tatu, huku dizeli imekwama bandarini kwa sababu barabara hazipitiki na madereva hawapatikani kwa simu. Vituo vingine vilipunguza saa nne zikawa tatu. Kisiwa kidogo cha Vieques hospitali yao iliharibika, wagonjwa wa figo wakawa wanapandishwa ndege kwenda kisiwa kikubwa kusafishwa, wanarudi hoi, na kesho kutwa safari ni ileile.

Tuliletewa picha ya meli ya hospitali ya jeshi la Marekani, Comfort, iliyokuja na vitanda 250. Picha nzuri. Lakini vitanda vingi vilikaa vitupu kwa wiki kadhaa, maana mgonjwa wa milimani hafiki melini bila barabara, simu wala rufaa. Mimi ningechagua dizeli na fundi kwenye kila zahanati kuliko meli moja nyeupe.

Shida haikuishia kisiwani. Viwanda vya huko vya Baxter, kampuni ya vifaa vya tiba, vilikuwa vikitengeneza mifuko midogo ya dripu ya kuchanganyia dawa. Viliposimama, wauguzi wa Marekani bara wakarudi kusukuma dawa mshipani taratibu kwa bomba la sindano.

Na hesabu ya vifo? Kwa miezi serikali ya Puerto Rico ilishikilia 64. Agosti 2018, utafiti iliouagiza yenyewe kutoka Chuo Kikuu cha George Washington ukatoa makadirio ya 2,975, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa wazee na maskini. Wengi wa hawa hawakuangukiwa na ukuta. Cheti kiliandikwa sukari, moyo, mapafu, na kimbunga hakikutajwa, kwa hiyo kwenye daftari walikufa kifo cha kawaida tu. Kifo cha kawaida hakiombewi bajeti ya jenereta.

Juni mwaka huo, kabla namba haijabadilishwa, watu walileta viatu vya marehemu wao mbele ya jengo la bunge San Juan, wakavipanga chini jozi kwa jozi, maelfu. Baadhi viliwekewa karatasi yenye jina la aliyevivaa.